Isome Orodha ya Oscar Kuanzia Chini

Kila mwanzo wa mwaka, orodha ya walioteuliwa kuwania tuzo za Oscar ikitangazwa, simu zetu hujaa majina yale yale: filamu bora, mwongozaji bora, mwigizaji bora wa kike, wa kiume. Ubishi huanzia hapo na huishia hapo. Chini ya majina hayo kuna sehemu nzima ya orodha ambayo wengi hatuigusi: sauti, uhariri, mavazi, mandhari, upigaji picha, urembo wa sura, muziki, ifekti za picha. Mwongozo huu unakuomba uanzie huko chini. Fanya hivyo kwa msimu mmoja tu, miezi miwili mitatu, na utaanza kuona na kusikia mambo yaliyokuwa mbele yako tangu siku ya kwanza ulipokaa kutazama sinema.

Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe nilichelewa. Nilikulia kwenye kibanda umiza: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, televisheni moja juu ya meza, na mtafsiri akitusimulia kwa Kiswahili kila alichosema Rambo na hata asichosema. Tulitoka pale tukiyajua majina ya mastaa wote. Sikujua kwamba yuko mtu ambaye kazi yake ni kurekodi mlio wa nyayo, mwingine anaamua koti lichakae kiasi gani, mwingine amekaa miezi akichagua sekunde ipi ibaki na ipi itupwe. Majina yao yalikuwa yakipanda kwenye skrini wakati mwenye kibanda ameshatoa kanda na watoto wa awamu ya pili wanasukumana mlangoni.

Mjue anayepiga kura

Tuzo hizi hutolewa na Academy of Motion Picture Arts and Sciences, chama cha watu wa filamu kilichoundwa Marekani mwaka 1927. Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 16 Mei 1929 katika hoteli ya Roosevelt, Hollywood. Wageni walikuwa kama 270, na utoaji wa tuzo wenyewe haukuzidi dakika 15 hivi. Hata usiku ule mfupi mafundi hawakusahaulika: kulikuwa na tuzo ya upigaji picha, ya mandhari na ya ifekti za kiufundi, iliyokwenda kwa filamu ya vita vya angani iitwayo Wings. Siku ukipata picha ya sanamu ya Oscar, ikuze uangalie miguuni. Yule shujaa mwenye upanga amesimama juu ya gurudumu la mkanda wa filamu lenye mihimili mitano, kila mhimili ukiwakilisha tawi moja la chama wakati kinaundwa: waigizaji, waongozaji, watayarishaji, waandishi na mafundi.

Leo chama kina wanachama zaidi ya 10,000 kutoka nchi nyingi, nao wamegawanywa kwa fani zao. Katika vipengele vingi, kura ya kuteua hupigwa na wenye fani peke yao: wahariri huteua wahariri, wapiga picha huteua wapiga picha, wabunifu wa mavazi huteua wenzao. Filamu bora huteuliwa na wanachama wote, na kura ya mwisho ya kupata washindi nayo ni ya wote. Ndiyo maana naipa orodha ya walioteuliwa uzito kuliko jina la mshindi. Ukikuta filamu usiyoijua kwenye kipengele cha sauti, chukulia kwamba maseremala wamekushika mkono wakakupeleka mbele ya kabati moja, wakakuambia: angalia viungo vyake. Wakati wa kura ya mwisho, seremala anapiga kura pamoja na muuza mbao na mnunuzi, na umaarufu wa filamu huanza kuvuta.

Kuanzia tuzo za 2026, mwanachama haruhusiwi kupiga kura ya mwisho katika kipengele ambacho hajatazama filamu zake zote. Kanuni hiyo ingepaswa kuwapo miaka mingi iliyopita. Ichukue na wewe. Usijaribu kutazama kila kitu, maana filamu ni nyingi na bando lina bei. Chagua vipengele viwili au vitatu, na katika kila kimoja tazama filamu zote tano zilizoteuliwa. Zitakuwa chache kuliko unavyodhani, kwa sababu filamu moja hujirudia. Dune, kwa mfano, ilishinda tuzo sita mwaka 2022: sauti, uhariri, muziki, upigaji picha, mandhari na ifekti za picha. Aliyeikodi mara moja alipata mafunzo sita kwa bei ya filamu moja.

Nikiwa kwenye mwaka huo huo wa 2022, kuna jambo lililoniuma na bado linaniuma. Waandaaji waliamua kwamba vipengele vinane, vikiwemo sauti, uhariri, muziki, mandhari na urembo wa sura, vitolewe kabla ya matangazo ya moja kwa moja, kisha vipande vilivyorekodiwa vichomekwe katikati ya kipindi. Mafundi walilalamika na wasanii wakubwa wakawaunga mkono. Mwaka uliofuata vipengele vyote vilirudi hewani. Kumbuka tukio hilo kila mtu anapokuambia kwamba sehemu ya mafundi ndiyo ya kwenda kuchemsha chai.

Anza na masikio

Nakushauri uanze na sauti, kwa sababu ndicho kipengele tulichonyimwa na mazingira yetu. Watafsiri wetu, wale wa vibanda vya Dar es Salaam na wale wa Nairobi wanaofuata nyayo za DJ Afro, wana sanaa yao kamili, na wamewafungulia filamu watu wasiojua neno la Kiingereza wala Kichina. Lakini sauti ya msimulizi hukaa juu ya sauti ya filamu. Mvua, mlango, pumzi ya mtu aliyejificha chini ya kitanda, vyote humezwa. Wengi wetu tumetazama mamia ya filamu na hatujazisikia.

Tafuta spika za masikioni, hata zile za kawaida zinazouzwa barabarani. Spika ya simu haitoshi, kwani hukata sauti nzito zote. Kisha tazama Sound of Metal, iliyoshinda tuzo ya sauti mwaka 2021. Riz Ahmed anaigiza mpiga ngoma anayepoteza uwezo wa kusikia. Kuna nyakati filamu inakuweka ndani ya kichwa chake, na maneno ya watu yanageuka mvumo, kama mtu anayekusemesha wewe ukiwa umezama majini. Ghafla inakutoa nje, na unasikia yale yote asiyoyasikia yeye. Ukiipata sehemu hiyo, rudisha nyuma uisikilize tena macho ukiwa umefumba, dakika tano tu. Andika kila sauti unayoitambua. Mara ya kwanza utaandika nne au tano. Mara ya tatu utafika kumi na tano.

Ya pili ni The Zone of Interest, ya Jonathan Glazer, iliyoshinda tuzo ya sauti mwaka 2024. Inahusu familia ya mkuu wa kambi ya mauaji ya Auschwitz, inayoishi kwenye nyumba nzuri yenye bustani, na ukuta wa bustani ndio ukuta wa kambi. Kamera haivuki ukuta kutuonyesha mauaji. Unamwona mama akimwonyesha mtoto maua, na nyuma ya ukuta unasikia risasi, mbwa, watu wakipiga kelele, tanuru likinguruma bila kukoma. Kazi yote ya kutisha imeachiwa masikio. Filamu hii ukiitazama kwa spika ya simu utasema ni ya watu wanaokunywa chai. Ukiisikiliza sawasawa, usitegemee usingizi wa haraka usiku huo.

Jambo moja la kukusaidia kusoma orodha za zamani: hadi mwaka 2020 sauti ilikuwa na tuzo mbili, moja ya kuunda milio na nyingine ya kuichanganya. Kuanzia sherehe ya 2021 zimeunganishwa. Tofauti ya kazi hizo mbili bado ipo, na kuijua kunasaidia. Wa kwanza ndiye aliyetafuta mlio wa panga, wa pili ndiye aliyeamua panga lisikike kwa nguvu kiasi gani pembeni ya muziki na maneno. Filamu zetu nyingi huangukia hapo pa pili: muziki unapanda mpaka mazungumzo ya mama na bintiye, ambayo ndiyo roho ya tukio, hayasikiki tena.

Hesabu mikato

Uhariri ni mgumu kuuona kwa sababu ukifanywa vizuri unajificha. Dawa yake ni karatasi na kalamu. Chukua tukio la dakika mbili, na kila picha inapobadilika, weka alama moja. Fanya hivyo kwa tukio la mapigano, kisha kwa tukio la watu wawili mezani. Baada ya hapo jiulize swali moja tu katika kila mkato: kwa nini sasa? Mara nyingi utakuta mhariri amekata pale mtu alipopata wazo, kabla hajafungua mdomo.

Somo kubwa liko kwenye Mad Max: Fury Road, iliyoondoka na tuzo sita mwaka 2016, zote za upande huu wa chini ninaousema. Mhariri wake ni Margaret Sixel, mke wa mwongozaji George Miller, na kabla ya hapo hakuwahi kuhariri filamu ya mapambano. Aliletewa picha za saa 480 hivi. Akazifanya filamu ya saa mbili yenye vipande takribani 2,700. Kwa kasi hiyo mtazamaji angepaswa kupotea. Hapotei, kwa kuwa mpiga picha John Seale aliagizwa aweke kitu cha kuangaliwa katikati ya picha kila mara, na mhariri akaunganisha katikati kwa katikati. Jicho lako halihangaiki kutafuta. Jaribu: weka kidole katikati ya skrini wakati magari yanafukuzana, utaona uso, bunduki, usukani, vyote vinapita chini ya kidole chako.

Ukimaliza zoezi hilo, fungua tamthilia yoyote ya nyumbani unayoipenda ulifanye tena. Silengi kuiaibisha. Utashangaa kuona wapo wahariri wetu wenye jicho zuri sana, wanaofanya kazi kwa kompyuta moja, umeme ukikatika na muda ukiwabana, na hujawahi kujua majina yao.

Nguo na nyumba: hapa sisi ni mashahidi

Shuleni tuliita mavazi ya jukwaani maleba, na mtihani ulitutaka tuseme kazi zake. Jibu letu lilikuwa kwamba yanaonyesha tabia, tabaka na wakati. Lilikuwa jibu sahihi kabisa, ila hatukuambiwa tulitumie kwenye sinema.

Tazama Black Panther kwa ajili ya nguo peke yake. Ruth E. Carter alishinda kwa kazi hiyo mwaka 2019, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo ya mavazi, na mwaka 2023 akashinda tena kwa filamu iliyofuata. Walinzi wa kike wa mfalme wamevaa wekundu na shanga ambazo Mmasai hahitaji kuelezwa zimetoka wapi. Blanketi za wapanda vifaru ni za Basotho. Kofia pana ya malkia imetokana na ile ya wanawake wa Kizulu walioolewa, ila imetengenezwa kwa mashine ya kuchapisha maumbo. Katika mandhari, Hannah Beachler alishinda usiku ule ule wa 2019, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Kabla ya ujenzi alitengeneza kitabu cha zaidi ya kurasa 500 kueleza nchi ambayo haipo: historia yake, mitaa yake, vitu vyake.

Hapa usiwe mtazamaji mnyenyekevu. Unaijua khanga inavyofungwa na anayekwenda sokoni na anayekwenda msibani. Unaijua shuka ya kazi na shuka ya sherehe. Wabunifu hawa wamechukua vya kwetu, na wewe una haki ya kusema wapi wameheshimu na wapi wamechanganya makabila yaliyo mbali kama sahani moja ya pilau. Haki hiyo hiyo itumie kwa Out of Africa, iliyopigwa Kenya na kushinda tuzo saba mwaka 1986, zikiwemo filamu bora, upigaji picha, sauti na mandhari. Ukiitazama kwa macho ya fundi, utaona jinsi David Watkin alivyopiga nuru ya nyanda za juu, na utakubali kwamba amestahili. Ukiitazama kwa macho ya mwenyeji, utauliza kwa nini watu wengi waliosimama kwenye nuru hiyo nzuri hawana la kusema. Yaandike yote mawili kwenye daftari lako. Moja halifuti lingine.

Kisha ulinganishe na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950 imejengwa upya kwa mabaibui, makoti, taa na vichochoro, kwa bajeti ambayo Hollywood wangeimaliza kwa chakula cha wiki moja. Angalia rangi za chumba cha mhusika Yasmin na rangi za mahali anapokutana na mwenzake Denge. Kuna mtu alikaa akazichagua.

Kuhusu upigaji picha nitasema kidogo, kwa sababu ndicho kipengele ambacho watu wengi tayari wanakipenda. Ila tahadhari moja: picha nzuri ya machweo si lazima iwe upigaji picha mzuri wa filamu. Roger Deakins aliteuliwa mara 13 bila kushinda, akaja kushinda mara ya 14, mwaka 2018, kwa Blade Runner 2049. Chukua filamu zake mbili zozote uone kivuli kinavyosimulia. Simamisha picha, uliza mwanga unatoka wapi, na kwa nini upande ule wa uso umeachwa gizani.

Orodha yenyewe bado inakua. Mwaka 2026 imeongezwa tuzo ya uteuzi wa waigizaji, kazi ya wale wanaompata mtu sahihi kwa kila nafasi, hata ya mwenye mstari mmoja. Na kwa filamu za mwaka 2027, zitakazotuzwa 2028, watu wa michezo ya hatari, wanaoanguka na kuungua kwa niaba ya mastaa, watapata tuzo yao kwa mara ya kwanza.

Usiku wenyewe

Kwetu Afrika Mashariki sherehe huanza usiku mwingi wa Jumapili kuamkia Jumatatu, saa nane au saa tisa, kutegemea kama Marekani wameshasogeza saa zao mbele. Mtu wa ofisini hawezi kukesha hivyo, na hana haja. Lala, uamke mapema, usifungue makundi ya simu mpaka umetazama vipande vya washindi wa vipengele vyako. Academy ilitangaza Desemba 2025 kwamba kuanzia mwaka 2029 sherehe itarushwa YouTube bila malipo duniani kote, jambo litakalotupunguzia kazi ya kutafuta chaneli.

Wiki moja kabla ya sherehe, kaa na wenzako watano au sita. Kila mmoja apewe kipengele kimoja cha chini akitetee mbele ya wengine kwa kuonyesha kipande cha dakika tatu. Mpeni mmoja wenu sauti, azime taa. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, na naweza kukuhakikishia kwamba mabishano yake yana ladha kuliko yale ya nani mzuri kuliko nani.

Kama wewe mwenyewe una filamu

Huenda unasoma hapa ukiwa na filamu kwenye diski, na swali lako ni lingine: inafikaje kule? Njia zipo, na baadhi ya watu wetu wamezipita.

Njia ya filamu ndefu isiyo ya Kiingereza ni kupitia nchi. Kila nchi huteua filamu moja tu kwa mwaka, kupitia kamati iliyokubaliwa na Academy. Filamu izidi dakika 40, zaidi ya nusu ya mazungumzo yake yawe ya lugha isiyo Kiingereza, iwe na tafsiri ya Kiingereza chini ya skrini, na iwe imeonyeshwa kwenye jumba la sinema kwa watazamaji wanaolipa, siku 7 mfululizo, ndani ya muda uliowekwa. Tanzania ilipeleka Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill mwaka 2001, kisha tukanyamaza mpaka Vuta N'Kuvute mwaka 2022. Kenya ilianza mwaka 2012 na Nairobi Half Life, yenye Kiswahili na Sheng' ya mjini.

Masharti mawili kati ya hayo yamewaumiza watu, kwa hiyo yashike. La kwanza ni lugha. Mwaka 2019 Nigeria ilipeleka Lionheart, nayo ikaondolewa kwa sababu sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni Kiingereza, ambacho ndicho lugha rasmi ya Nigeria. Uamuzi huo ulizua hoja nzito, na mimi nauona haukutenda haki kwa nchi zilizoachiwa Kiingereza na wakoloni. Lakini kwa mwandishi wa Kiswahili maana yake ni njema: waache wahusika wako waseme wanavyosema nyumbani. La pili ni zile siku 7. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili, ilikuwa imepigwa marufuku Kenya. Mwongozaji akaenda Mahakama Kuu, na mwishoni mwa Septemba marufuku ikasimamishwa kwa siku 7, zile zile zinazotakiwa, kabla ya tarehe ya mwisho. Watu walipanga foleni Nairobi. Mwishowe kamati ya Kenya iliiteua Supa Modo ya Likarion Wainaina, hadithi ya msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa. Chochote unachofikiri kuhusu kesi ile, funzo la ratiba ni kwamba jumba la sinema hutafutwa miezi kabla, na kibali cha maonyesho kabla ya jumba.

Filamu fupi, isiyozidi dakika 40, ina milango mingi zaidi, na kwa mtu anayeanza ndiyo njia ninayoipendekeza. Inaweza kustahili kwa kushinda tuzo kwenye tamasha lililomo katika orodha ya Academy, kwa kuonyeshwa kibiashara siku 7 katika miji iliyotajwa kwenye kanuni, au kwa kushinda tuzo ya wanafunzi ya Academy yenyewe. Watu Wote ilipita mlango huo wa tatu. Ni filamu ya mwisho ya masomo ya wanafunzi wa Hamburg, Ujerumani, iliyopigwa Kenya kwa Kiswahili na Kisomali, juu ya abiria Waislamu waliowakinga Wakristo basi lilipovamiwa karibu na Mandera Desemba 2015. Ilishinda tuzo ya wanafunzi mwaka 2017, na mwaka 2018 ikawa kati ya filamu fupi tano za Oscar. Upande wa makala za kweli, Bobi Wine: The People's President ya Moses Bwayo na Christopher Sharp iliteuliwa mwaka 2024, na kabla yake Virunga, iliyopigwa mashariki ya Kongo, mwaka 2015.

Lakini usianzie mbali. Peleka kwanza kwenye tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar, panapotolewa Jahazi la Dhahabu. Peleka kwenye tuzo za Kalasha ukiwa Kenya, na tuzo za Bodi ya Filamu ukiwa Tanzania. Nazo zina vipengele vya sauti, uhariri na mavazi, na mara nyingi washindani wake ni wachache kuliko wa uigizaji. Mhariri wako akishinda pale, simu yake italia wiki hiyo hiyo.

Kuna maandalizi ambayo hayahitaji pesa, na ndiyo yanayosahaulika. Hifadhi filamu yako kwenye diski mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Weka mazungumzo, muziki na milio kwenye njia tofauti za sauti, usiyaunganishe yakawa kitu kimoja kisichoachanika. Pata ruhusa ya maandishi kwa kila wimbo, hata wa rafiki yako. Jua mapema nani atakutengenezea faili la DCP, ambalo ndilo majumba ya sinema hutumia.

Na uandike majina. Vyama vya tuzo huangalia orodha ya mwisho wa filamu kujua nani alifanya nini, na asiyeandikwa hawezi kuteuliwa. Nimeona filamu nyingi za kwetu ambazo jina moja limejaza nafasi nane, na nimeona nyingine ambazo orodha inapita kwa sekunde tano, maandishi madogo juu ya picha inayong'aa. Fanya kazi hiyo mkiwa bado eneo la kupigia, siku ya mwisho, kabla watu hawajapanda magari. Pita na daftari, muulize kila mmoja jina lake linaandikwaje, na wadhifa wake ni upi. Mpishi. Dereva. Mshona nguo aliyetia viraka kwenye koti la baba. Na yule kijana aliyeshika maiki juu ya fimbo siku kumi na mbili, mikono ikitetemeka, ili mazungumzo ya mama na bintiye yasikike.